Miezi Mitano Baina ya Ndugu Wawili

Wanangu mnaofanya kazi na kompyuta, nakujueni. Mkiona mstari mwekundu kwenye skrini, kwanza mnaguna, kisha mnamlaumu aliyejaza fomu. Msidhani nawacheka. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena mkali kuliko nyinyi, na ukali wangu ulimuumiza mtu ambaye hakunikosea chochote. Ndiyo maana nimekaa leo kuandika haya, mgongo unaniuma na mjukuu wangu ameniwekea maandishi makubwa kama ya bango la dukani.

Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa moja. Ofisi yetu pale Maskati ilihifadhi mafaili ya watu: jina, baba, mama, siku ya kuzaliwa, mahali pa kuishi. Mfumo ukikataa fomu, fomu ile huletwa kwangu nitafute sababu. Nyumbani hawakuielewa kazi hii hata kidogo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia majirani kwamba Raya anashinda akigombana na mashine na serikali inamlipa. Sikuwahi kupata maelezo bora kuliko hayo.

Aliyenifunza alikuwa Bwana Vargisi, Mhindi kutoka Kerala, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na hata moja haiandiki. Tulizungumza kwa Kiarabu chake kibovu na Kiingereza changu kibovu, tukaelewana vizuri sana. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea rundo la fomu zilizokataliwa, nikamwambia kwa fahari kwamba nimeshazirekebisha zote. Aliniuliza nimerekebishaje. Nikasema palipotakiwa tarehe nimeweka tarehe, palipotakiwa namba nimeweka namba, na mfumo umekubali. Bwana Vargisi akavua miwani, akanieleza taratibu kwamba sikurekebisha kitu. Nimeifurahisha mashine tu, na watu wale sasa wana maisha niliyowatungia mimi. Akanirudishia rundo lote nianze upya. Nililia chooni, kisha nikaanza upya.

Basi mnaotaka elimu ya bure, ichukueni hapa. Kosa likija moja moja, huenda ni kidole cha mtu. Likija kwa wingi kutoka kwa karani mmoja, nenda ukamtazame anavyofanya kazi, usimpigie simu. Tulikuwa na karani mmoja kila jina alilolipiga lilikataliwa, na kwa macho halikuwa na kasoro. Nilikaa ubavuni pake asubuhi nzima ndipo nikaona: kila akimaliza jina alikuwa akigonga nafasi moja tupu, kwa mazoea ya taipureta. Nafasi tupu haionekani kwa macho, lakini mashine inaiona. Na kosa likija kwa wingi kutoka mahali pamoja, usimguse mtu. Litazame sharti lako, ile kanuni uliyoipa mashine ya kukubali na kukataa.

Hilo nilifunzwa na watu wa kijiji cha Yiti. Mwaka tulioweka mfumo mpya, wakubwa waliamua kisanduku cha namba ya simu kiwe cha lazima. Ukikiacha wazi, fomu haiendi mbele. Zikaja fomu za Yiti, na mfumo ukazikataa karibu zote kwa sababu familia chungu nzima zilikuwa na namba moja. Nikaapa kwamba kuna mtu anafanya mchezo. Nikapiga ile namba, akapokea mwenye duka. Akaniambia kijijini simu za nyumbani ni chache, na watu waliambiwa wasipoandika namba hawataandikishwa, basi wakaandika yake. Akaniuliza kwa upole nataka kuongea na nani, amtume mtu akamwite. Ofisi nzima ilicheka wiki mbili. Lakini Bwana Vargisi hakucheka. Alisema ukimlazimisha mtu ajibu swali asilokuwa na jibu lake, atakupa jibu la kukuridhisha. Kisanduku tukakiondolea ulazima.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha hapa.

Sisi tuliotoka Unguja na mrima tulikuja na karatasi pungufu. Wengi wetu kadi za zamani ziliandikwa mwaka wa kuzaliwa peke yake. Mfumo mpya ukataka siku na mwezi. Vijana wa kaunta wakawa wanamwekea kila mtu tarehe mosi Januari, hata ikawa nusu ya akina bibi wa Maskati wamezaliwa siku moja. Mimi nikaona uvivu huo hauvumiliki. Bibi zetu walikuwa wanajua sana walizaa lini, ila hawakuhesabu kwa Januari. Ukimuuliza vizuri atakwambia mtoto huyu nilimzaa mfunguo mosi, siku ya pili ya Idi, au mfunguo sita, wanasoma Maulidi. Miezi hiyo inahesabiwa tangu watu walipofungua saumu, na mimi nimelelewa nayo. Nikatengeneza jedwali la kuigeuza kuwa tarehe za kizungu, Bwana Vargisi akaliingiza ndani ya mfumo. Nikawa mtu maarufu. Akina bibi waliletwa kwenye meza yangu, tunakumbushana, naandika kwenye daftari langu la kijani, na mchana naingiza. Nilijiona mimi ndiye ninayewarudishia watu siku zao.

Na kama hilo halikunitosha, nikatunga sharti. Tulikuwa tumegundua watoto walioandikishwa mara mbili katika matawi mawili, kwa tarehe zinazopishana miezi michache. Nikapendekeza mfumo ukatae watoto wawili wa mama mmoja wanaopishana chini ya miezi tisa, isipokuwa mapacha. Bwana Vargisi aliniuliza nani atakayeumia kwa sharti hilo. Nikamjibu kwamba hakuna, maana hakuna mwanamke anayezaa hivyo. Akanirudishia lile pendekezo, akasema maneno ambayo siku ile niliyaona ya kizee: "Raya, sharti utaliandika leo, lakini litamkuta mtu usiyemjua." Likapitishwa. Mkurugenzi akaniletea halwa.

Miongoni mwa akina bibi waliokuja alikuwa Bi Thuraya, mjane anayekaa mtaa wa Ansab, mtaratibu, mwenye kumbukumbu ya kutisha. Alikuja kukamilisha faili lake, na akaona atoe na miezi ya watoto wake wawili, Khalfan na Nasra, ambao kadi zao zilikuwa na miaka tu, mmoja mwaka huu na mwengine mwaka uliofuata. Khalfan, akasema, kumi la kati la Ramadhani. Nasra, akasema akilitazama daftari langu, mfunguo tano, mwezi ishirini, yaani siku ya ishirini. Nikamsifu kwa kumbukumbu yake. Aliondoka, na mchana nikaingiza. La Nasra likarudi na mstari mwekundu na faili likajifunga. Nililitia kwenye rundo la kushughulikiwa, na rundo lilikuwa refu.

Kiasi cha miezi miwili baadaye, asubuhi yenye watu wengi, Nasra mwenyewe akaja kaunta. Alikuwa mwalimu, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Alikaa arubaini yake kwa mama yake Ansab kama ilivyo desturi, na wiki ile ndiyo kwanza ameimaliza, angali huko huko. Alitaka mtoto aandikwe. Kaunta wamemwambia mtoto haandikiki kwa sababu faili la mama limefungwa. Wakaniita.

Nilikuja na haraka zangu. Sikumtia chumbani, sikumpa kiti. Nilimgeuzia skrini mbele ya watu wote waliokuwa foleni, nikaweka kidole penye mstari mwekundu, ujumbe ambao niliutunga kwa mkono wangu mwenyewe: muda baina ya watoto wa mama mmoja hautoshi.

"Dada, hapa pana miezi mitano baina yako na Khalfan," nikamwambia. "Mama hazai hivyo. Ama karatasi zenu zimechanganyika, ama mmoja wenu si wake."

Nilisema hilo la mwisho kwa mzaha. Nasra alicheka kidogo, kwa adabu. Kisha akaitazama tena skrini.

"Miezi hiyo kaitoa nani?"

"Mama yako mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwandikia."

"Mama hasahau kitu," akasema.

Hakulia wala hakugomba. Alikusanya karatasi zake, akamtengeneza mtoto kifuani, akatoka. Kwenye kaunta ilibaki kadi ya kliniki ya mtoto. Nikaishika ile kadi, na hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya.

Alhamisi, siku yetu ya mapumziko zama hizo, niliendesha gari mpaka Ansab na ile kadi kwenye mkoba. Nilijiambia nakwenda kuirudisha. Kweli ni kwamba nilikwenda kuomba radhi na sikuwa na ujasiri wa kujiambia hivyo. Bi Thuraya alinifungulia mwenyewe. Kwenye meza palikuwa na sufuria limefunikwa, pamoja na sahani mbili safi, na pembeni kitanda cha mtoto kitupu.

"Wewe ndo yule wa ofisini," akasema. "Karibu mwanangu. Kaa."

Nilitaka kupiga magoti. Hakunipa nafasi, alinitilia chai. Akaniambia Nasra alirudi siku ile, akafunga vitu vyake na vya mtoto, akaenda kwa mumewe. Hakumwambia neno baya. Aliuliza swali moja tu, kama ni kweli, naye akajibu ni kweli. Tangu siku hiyo simu ya Nasra hupokewa na mumewe.

Kisha akanihadithia, macho yake yakiwa kwenye kile kitanda. Nasra alikuwa mtoto wa Said, ndugu wa marehemu mume wa Bi Thuraya. Mama yake alikufa Unguja siku ya nane baada ya kumzaa. Bi Thuraya alikuwa na Khalfan wa miezi mitano anayenyonya, basi akamchukua na yule wa pili, huyu titi hili na huyu titi lile, mpaka wote wawili wakaacha. Familia ilipopata ruhusa ya kusafiri, Said hakupata. Mtoto mdogo asingeweza kusafiri bila ya kuwa kwenye pasipoti ya mzazi, kwa hiyo mume wa Bi Thuraya akamwandika kuwa wake. Walitarajia Said atafuata, na lile jina watalirekebisha akija. Said alifia huko huko. Waliandikana hivyo wengi, wanangu. Mtoto wa ndugu yako hukumwacha bandarini kwa ajili ya karatasi.

"Nlikuwa nimwambie akivunja ungo," akasema Bi Thuraya. "Halafu nikasema akiolewa. Halafu akizaa. Na kazaa, nikasema basi, amalize arubaini yake kwa raha. Wewe ulitizama karatasi mwanangu. Mie nlikuwa na mdomo, sikuutumia."

Maneno yale yalinichoma kuliko kama angenitukana. Nikatamani kutengeneza kitu, chochote, na kilichonijia ni kile kile nilichokatazwa wiki yangu ya kwanza. Nikamwambia jambo hili ni dogo. Nitausogeza mwezi wa Nasra mbele, miezi mitano tu, kazi ya dakika moja. Mstari mwekundu utaondoka, mtoto ataandikwa, na hakuna atakayeuliza. Wengi wamefanya hivyo, nikamwambia. Na ni kweli: waliosema watoto wao ni mapacha, mfumo uliwapitisha bila kukohoa. Sharti langu lilikuwa limewakamata walioshindwa kusema uongo wa pili.

Bi Thuraya akaweka kikombe chini.

"Tarehe ile usiiguse. Jina la baba tumemvisha la mtu mwengine. La mama tumemvisha langu. Mwezi ishirini mfunguo tano ndo kitu pekee alichokuja nacho mwenyewe. Ulipon'uliza nlitaka kukwambia mwezi mwengine, ulimi ukakataa."

Nilikunywa chai iliyopoa. Nilipoondoka, ile kadi ya kliniki niliiacha juu ya meza yake, na niliiacha kwa makusudi.

Jioni nikampigia Nasra. Mumewe alipokea, nikajitaja, nikakaa nikingoja muda mrefu nikidhani hatakuja. Alikuja. Nikamwomba radhi kwa kumwambia vile, mbele ya watu, kwa kucheka. Sikumhadithia aliyonihadithia Bi Thuraya, hayakuwa yangu. Nikamwambia tu kwamba kadi ya mtoto ameisahau ofisini, na mimi nimeipeleka Ansab. Nikasikia mtoto akilia nyuma.

"Kala?" akauliza Nasra, na nikajua hamuulizii mtoto.

Nikamwambia sijui. Nimeona sufuria limefunikwa, na sahani mbili.

Akakata simu.

Jumamosi nikamfuata Bwana Vargisi kabla sijavua hata buibui, nikamwambia nataka sharti langu lifutwe leo leo. Nilikuwa nimejikasirikia, na mtu akijikasirikia hutaka kuvunja kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana. Watoto wanaoandikishwa mara mbili bado wapo, sharti lina kazi yake. Kosa letu ni kwamba tumelifanya bawabu, linafunga mlango na kupiga kelele, na ilitakiwa liwe mtu wa kuuliza. Tulikaa siku mbili tukalibadilisha. Kuanzia hapo mfumo haukukataa tena. Ulilipokea faili, ukaacha alama ndogo inayoonekana na mtu mmoja tu, katika chumba chenye mlango na viti viwili. Mtu huyo nilikuwa mimi. Na ujumbe niliuandika upya: tafadhali zungumza na mwenye faili faragha. Mkurugenzi aliuliza kwa nini tumelegeza. Bwana Vargisi alimpa maelezo marefu ya kiufundi ambayo mpaka leo naamini hayakuwa na maana yoyote, na mkurugenzi akaridhika.

Faili la Nasra likafunguka na mtoto akaandikwa. Karatasi nikaziweka tayari. Kwa wiki tatu hakuna aliyekuja kuzichukua.

Kisha asubuhi moja mlango wa kile chumba ukagongwa. Aliingia Nasra amembeba mtoto, na nyuma yake Bi Thuraya amebeba mkoba wa mtoto. Sikuuliza walipatana vipi, na sijui mpaka leo. Nilichokiona ni kwamba Bi Thuraya alipokaa, Nasra alimtilia mto nyuma ya mgongo bila ya kumtazama, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

Walikuwa wametoka kwa kadhi. Nasra alinipa karatasi yenye muhuri na kusema anataka faili lake liandikwe vile mambo yalivyo. Nikabadilisha jina la baba, likawa Said. Nikafika kwenye jina la mama. Kisanduku kilikuwa kimoja, cha lazima, na kinapokea mtu mmoja. Hatukuwa na kisanduku cha mama aliyekunyonyesha. Bwana Vargisi alikuwa Mkristo wa Kerala, lisingemjia. Mimi ni Muislamu, nimesoma chuoni, kwenye Kurani, kwamba maziwa yanafanya undugu, na halikunijia vile vile.

Bi Thuraya ndiye aliyetamka jina la yule marehemu, lote, mpaka la babu yake, na akaningoja niliandike sawasawa. Mkono wake ulikuwa umeshika ncha ya shuka la mtoto. Nilipobonyeza, jina la Thuraya likaondoka kwenye skrini, na nilihisi vibaya, nakwambieni kweli, nilihisi kama mwizi.

Vikabaki visanduku vya mwisho, vile ambavyo kila mtu hujaza akiwa ameshachoka. Mtu wa karibu wa kuarifiwa ukipata jambo.

"Thuraya," akasema Nasra, akanitajia na namba ya simu ya Ansab.

"Uhusiano?" nikauliza, maana ni lazima kuuliza. Pana orodha: mume, baba, mama, ndugu, mengineyo.

Nasra akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kipumbavu.

"Mama."

Nikachagua. Nikabonyeza, nikaungoja mstari mwekundu. Haukuja. Mfumo ukapokea, na Bi Thuraya akaanza kutafuta leso ndani ya mkoba wa mtoto asiione.

Wanangu, mezani kwangu zama hizo palikuwa na agizo la maandishi kutoka juu: niandike sharti la kulinganisha kisanduku kile, akitajwa mama, na cha jina la mama, na vikitofautiana, mfumo ukatae. Nililisoma tena mchana ule, nikalitia kwenye droo. Siku niliyostaafu nililikuta humo humo.